Mzee Metui Ajipatia Wakili

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Karatu, Endulen na vitongoji vyake, ya kwamba Mzee Metui, mfugaji, mwenye boma na heshima zake, ameuelewa uwakili wa ardhi na amejitafutia wakili. Wanyang'anyi wa mashamba waanze kufunga virago.

Kwao Endulen, ndani ya hifadhi ya wanyama, kulima hakuruhusiwi. Pundamilia ana haki zake, muhindi hauna. Ndiyo maana miaka sita iliyopita alinunua ekari mbili huku Karatu kwa mwenyeji mmoja, Leonce, akalipa kwa ng'ombe. Karatasi? Walichinja kondoo, wakala, jirani Lazaro akishuhudia kwa mdomo uliojaa nyama, wakaagana kama ndugu. Ugali wote wa nyumba yake unatoka hapo. Juma lililopita akakuta vigingi vya saruji shambani, na barua kwenye mlango wa kibanda: Leonce ameliuza tena, safari hii kwa mwenye kambi ya watalii. Kesi Jumatatu.

Wakili wa kwanza, Mama Angelina, alimwuliza, "Mkataba uko wapi, mzee?"

"Tulikula kondoo."

"Na huyo kondoo alisaini wapi?"

Metui akatoka kwa hasira. Mtu asiyejua uzito wa kondoo atajua nini cha shamba? Akaikunjua ile barua, akamwonyesha binti yake Nanyokie muhuri wa wakili aliyeiandika, mmoja aitwaye Inosenti.

"Twende kwa huyu."

"Baba! Huyu ndiye anayetufukuza!"

"Ndiyo. Ng'ombe akipotea, unamwuliza asiyewahi kumwona? Huyu shamba langu analijua tayari."

Ofisini alikataa kiti, akaegemea fimbo, akaanza kuhutubia. Inosenti akainua mkono. "Mzee, subiri kidogo, mimi ni..."

Fimbo ikapanda. Kwao mzee aliyesimama na fimbo hakatizwi, hata na mvua. Inosenti alijaribu mara tatu, mwisho akachukua kalamu. Metui akamwaga yote: karatasi hana, shahidi ni mmoja tu, Lazaro, anakaa nyumba ya pili baada ya mashine ya kusaga. Alipomaliza, Inosenti akamweleza, kwa upole kabisa, kwamba yeye ni wakili wa mwenye kambi.

Ijumaa wakarudi mbio kwa Angelina. Safari hii hakutania. Akasema shahidi apigiwe simu, aje leo leo aandikishe maelezo. Nanyokie akapiga, akaweka spika.

"Kondoo?" ikasema sauti ya Lazaro. "Kondoo gani tena? Siku hizi sikumbuki vizuri, mwanangu. Na tumbo linanisumbua." Akakata.

Angelina akavua miwani. "Nitasimama nanyi Jumatatu. Lakini siwadanganyi, nasimama mikono mitupu."

Nanyokie akalia pale pale, mbele ya wateja. Metui aliitazama fimbo yake kana kwamba ndiyo iliyomtajia Inosenti nyumba ya Lazaro.

Jumapili, wenzake wakiwa kanisani, alikuwa shambani akivunja mahindi mabichi, hata yale ambayo punje hazijakaza, kabla hayajawa mali ya watalii. Alipoombwa atoe neno la hekima kwa wananchi wote wanaotafuta wakili wa ardhi, alijibu:

"Shika gunia hapo."