Nusu ya Kichwa cha Madam

Sikuitambua sura yake kwa sababu sikuiona. Niliporudi saluni kutoka kununua rasta za kusukia, mteja alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, amenipa mgongo, ameinamia simu, nywele zake zimeoshwa na kukaushwa, zimesimama wima. Mwenye saluni aliniashiria kwa kidevu: anza. Nikaanza kutoka kisogoni, kama kawaida.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya pili. Jumatatu hadi Ijumaa nilikuwa, na bado niko, ofisa wa madai katika kampuni ya bima pale Nakawa, shati limepigwa pasi, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Jumamosi nilikuwa msusi sokoni Kalerwe, katika saluni ya mabati nyuma ya wauza nyanya. Mkataba wa kampuni ulikataza kazi nyingine yoyote ya malipo bila idhini. Kifungu hicho nilikisoma mara nyingi kuliko mtu yeyote aliyewahi kukisaini, nikitafuta mahali ambapo kusuka hakuhesabiwi kazi. Sikupapata.

Watu hudhani nilikwenda Kalerwe kwa sababu ya mshahara tu. Ni kweli mshahara ulikuwa unaishia njiani. Lakini mimi ni mtu ambaye bosi akijibu "sawa" bila kuongeza neno, nitakaa na hiyo "sawa" hadi wikendi. Nikituma barua pepe naisoma tena baada ya kuituma, kama vile inaweza kurudi. Nikishika kichwa cha mtu, nikachora mstari kwa ncha ya kitana, nikagawa nywele mafungu matatu, kelele za kichwani mwangu hunyamaza. Nilijifunza kambini, kwa dada zangu, kwenye baraza ya nyumba za wanajeshi, ambako wake wa askari kutoka kaskazini walisukana alasiri nzima huku wakiteta kwa Kiswahili. Baba aliponiona, mwanawe wa kiume, nikisuka mara ya kwanza alisema, "Mungu wangu, nimezaa msusi." Nilidhani amekasirika. Hadi leo sina uhakika.

Basi, nilikuwa nimefika katikati ya kichwa mteja aliposema kwenye simu, "Hiyo tutaizungumza Jumatatu, ofisini kwangu."

Vidole vyangu vikasimama. Sauti ile niliijua. Ilikuwa ya mkuu wetu wa utumishi, yule anayeajiri, anayeonya na anayefukuza.

"Mbona umeacha?" akauliza bila kugeuka.

Nikafikiria kukimbia. Nikafikiria kujifanya bubu. Nikafikiria kumwachia msusi mwenzangu wa kigoda cha pili, lakini kichwa kikianzwa na mtu mmoja kikamaliziwa na mwingine huonekana, na aibu hiyo sikuitaka pia. Kabla sijachagua, akasema, "Hebu nipe kioo nione nyuma." Mwenye saluni akampa kile cha mkononi. Akakiinua begani. Hakuziona nywele kwanza.

"Wewe!"

"Habari ya mchana, madam."

"Wewe si wa madai?"

"Ni mimi."

Mwenye saluni ni mama kutoka Kenya, mtu wa kanisa, na hajawahi kuona jambo akalinyamazia. "Kumbe mnajuana?"

"Ni bosi wangu," nikasema.

"Yesu!" Akajipiga paja. "Yule wa mkataba? Mama, mfukuze kabisa, hakuna shida. Lakini mwache amalize kwanza. Ama kesho utaingia kanisani na nusu kichwa?"

Msusi mwenzangu alicheka hadi akajificha nyuma ya taulo. Madam alisimama, akaenda kwenye kioo cha ukutani, akajitazama. Nyuma, misuko imelala vizuri. Mbele, nywele zimesimama. Akashika mkoba. Akauachilia. Akarudi kukaa.

"Endelea," akasema.

Ofisini hatukuwahi kumsikia akisema Kiswahili. Pale kilimtoka chote, kikavu na kikali, Kiswahili cha mtoto wa polisi, aliyekulia kambini kama mimi.

"Ulisaini mkataba."

"Nilisaini."

"Ungeomba ruhusa."

"Ungenipa, madam?"

Nikasuka msuko mmoja hadi mwisho.

"Nisingekupa."

"Ndiyo maana."

"Na wateja wetu wakikuona hapa? Ofisa wa bima, mwenye digrii, ameshika kitana?"

"Na wewe wakikuona hapa?"

Maneno hayo yalitoka kabla sijayakagua, na mimi hukagua kila kitu. Mwenye saluni alikohoa. "Wee kijana! Leo umekula nini?"

"Mimi," madam alisema polepole, "nilikuja Kalerwe kwa sababu watu wa ofisini hawaji Kalerwe."

"Hata mimi."

Kazi ilichukua muda mrefu, kwa sababu kichwa kile kilikuwa kikubwa na yeye alitaka misuko myembamba. Asingeweza kuondoka, nami nisingeweza. Nilipofika kwenye paji la uso, pale panapouma, nilijua ningeweza kuvuta kidogo tu, alale na maumivu usiku kucha. Sikuvuta. Nilichora mistari iliyonyooka kuliko yote niliyowahi kuchora. Nilitaka akinifukuza amfukuze mtu anayejua kazi. Nilipomaliza alijitazama kiooni, akamlipa mwenye saluni, akasema "Asante, nyabo," kama wanavyoitana akina mama huku, akaenda.

Jumatatu hakuniita. Jumanne hakuniita. Unaweza kukisia nilivyokaa. Kila simu ya mezani ilipolia nilikuwa nimeshafukuzwa, nimeshahama chumba, nimeshampigia baba. Niliandaa msamaha mrefu wenye ugonjwa wa ndugu ndani yake. Jumatano niliurudia kimyakimya chooni, na nikajisikia vibaya kwa namna mpya. Nilikuwa naomba msamaha kwa kosa gani? Jumamosi sikuiiba kwa mtu.

Ijumaa kulikuwa na mkutano wa wafanyakazi wote. Madam alisimama mbele, akasoma kanuni ya kazi za nje, akiwa ameinamisha kichwa juu ya karatasi. Kutoka nilipokaa niliiona mistari yangu yote, imenyooka kuanzia paji la uso hadi utosini.

"Kama yupo mwenye kazi nyingine," alisema, akirudi kwenye Kiingereza chake, "aje kwangu faraghani, aniambie ameiacha, na jambo litaishia hapo."

Nilielewa alikuwa ananifungulia mlango. Ningeingia ofisini kwake, niseme "nimeacha," nirudi mezani kwangu, halafu Jumamosi nijifiche vizuri zaidi. Mkono wangu ukainuka.

"Ninayo," nikasema. "Na sijaiacha."

Chumba kikageuka. Bwana mmoja wa uhasibu akauliza, "Kazi gani tena?"

"Nasuka nywele. Kalerwe."

Wakacheka wote. "Wewe? Nani anakupa kichwa chake?" akauliza yule bwana.

Nilimtazama madam. Mkono wake ulikuwa umepanda hadi sikioni, ukagusa msuko mmoja, ukashuka.

"Wateja," nikasema.

"Tuendelee," alisema madam.

Wiki iliyofuata nilipewa barua ya onyo yenye saini yake, ikinitaka niiache kazi hiyo mara moja. Nilijibu kwa maandishi kwamba Jumamosi si siku ya kampuni, na kwamba kwenye madai yangu hakuna faili lililolala hata moja. Jibu hilo nililisoma kabla ya kulituma. Baada ya kulituma sikulisoma tena.

Jumamosi nikaenda Kalerwe. Nilikuwa nimeshika kichwa cha muuza ndizi mmoja, rasta mdomoni, simu ya mwenye saluni ilipolia. Akasikiliza, akaifunika kwa kiganja, akanigeukia macho yakiwa makubwa.

"Ni madam wako. Anauliza kama leo upo."

Nikafikiria. Labda anataka ushahidi, aje na barua ya pili. Labda nywele za mbele zimeanza kufumuka, anataka kurudiwa. Labda yote mawili.

"Nimwambie nini?" mama akanong'ona. "Niseme umesafiri?"

Nikaitoa rasta mdomoni.

"Mwambie nipo."