Jasho la Mwenye Padi

Niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba mashine ya gemu hulitambua jasho la mwenyewe. Yaani ile padi unayoshika mikononi na kubonyeza hunyonya jasho la mtu mmoja miezi nenda miezi rudi, mpaka mashine imzoee kama mbwa anavyomzoea anayempa chakula. Mgeni akija kupigana naye, ngumi za mgeni zinatoka zimelegea. Aliyenieleza hayo ni mwenye mashine, rafiki yangu wa tangu utotoni hapo mtaani Kariobangi, na alinieleza kwa uso wa daktari. Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, mchana napakia saruji, jioni nasoma shule ya usiku, na wiki hiyohiyo mwalimu alikuwa ametufundisha umeme. Sikuona tatizo lolote.

Tulicheza Jumapili baada ya kanisa, kwenye flati aliyokaa na dada yake mkubwa. Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na jirani wa mlango wa pili, fundi wa kupaka magari rangi, aliyeingia bila kubisha na kuondoka bila kuaga. Gemu lenyewe lilikuwa la kupigana. Watu wawili kwenye skrini, kila mmoja na mstari wake wa damu, damu ikiisha umelala. Ya rafiki yangu ilipungua kwa kijiko. Yangu ilimwagika kwa ndoo. Nilimtandika teke la kuangusha ghorofa, akajipangusa bega. Akanigusa kwa kidole, nikaruka hadi mtaa wa Fedha.

"Niaje, Marudio?" rafiki yangu akanichokoza. "Unapigwa kabla ya chai ama baada?"

"Leo nakulaza, buda."

"Kichwa chako kina netiweki ya kijijini," jirani akadakia. "Unabonyeza leo, ngumi inafika kesho."

Marudio ndilo jina walilonipa, kwa sababu nilikuwa narudia sekondari ukubwani, kama kipindi cha televisheni kilichokwisha kuonyeshwa. Nilicheka nao. Mimi ni mtu wa kucheka, hata mazishini watu huniweka safu ya nyuma. Lakini jina lilishuka ngazi. Mama wa mboga akaniuliza, "Marudio, sukuma ama kabeji?" Kisha jioni moja nilisimama darasani kusoma kwa sauti, mtu akalitamka huko nyuma, na darasa zima likaangua kicheko. Darasa zima la watu wanaorudia! Siku hiyo sikucheka.

Nilimwomba rafiki yangu aliache.

"Nishinde mara moja tu," akasema, "na hilo jina tunalizika. Jirani ni shahidi."

Basi nikaanza kupigana na jasho. Nilinawa mikono kwa sabuni ya mche mpaka ngozi ikataka kuhama. Nikaomba kubadilishana padi, akasema ya kwanza ni ya wenye nyumba. Jirani aliishika alivyotaka, akanichapa nayo vilevile, nami nikajieleza kwamba jirani ameshinda pale miaka mia tatu, jasho lake limo. Mwishowe niliazima padi ya pili, ile niliyochezea mimi siku zote, nikaifunga kwapani kwa kitambaa na kupakia nayo saruji wiki nzima. Niliporudi nayo, jirani aliinusa akakimbilia dirishani.

"Hii ilikuwa imeenda wapi, machinjioni?"

Nikapigwa kama kawaida.

Halafu rafiki yangu akapata kazi ya ofisi, akawa anahamia Donholm. Jumapili yake ya mwisho nilijua kila pigo la gemu lile kuliko nilivyojua hesabu. Nilimfikia usoni, tumboni, mgongoni. Yeye alikuwa anabonyeza kwa mkono mmoja, wa pili umeshika soda. Damu yangu ndiyo iliyoisha.

"Usijali, Marudio," akanipigapiga kichwani. "Si makosa yako. Ni jasho."

Nilimshukuru. Naapa, nilimshukuru kwa kunihurumia. Kisha nikambebea kochi mgongoni kutoka ghorofa ya nne, naye akitangulia mbele na mto mmoja.

Jina lilibaki nami. Mpaka leo nikiitwa jina langu la ubatizo mtaani, nachelewa kugeuka.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, nilikuwa nimefaulu. Nilipanda kumwambia yule dada wa rafiki yangu, aliyebaki kwenye flati, maana ndiye pekee aliyekuwa akiniuliza habari za masomo. Alinikumbatia, akanipa chai, kisha akaitoa ile mashine chini ya meza. Ndugu yake alikuwa amenunua nyingine mpya.

"Ichukue, hiyo ni zawadi yako."

"Asante, dada, lakini haitanifaa. Imeshazoea jasho lake."

"Jasho gani?"

Nikamweleza yote, sabuni, kwapa, saruji. Nilitia chumvi ili acheke. Hakucheka. Aliiweka mashine chini, akajifuta mikono kwenye leso.

"Hakuna jasho," alisema. "Kwenye setingi kuna mahali pa kupunguza nguvu za padi ya pili. Alikuwa anaipunguza kila Jumapili kabla hujafika. Sote tulikuwa tunajua."