Bolti Nne za Mwenyekiti

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya kuchovya vyuma pale Hayes, London, nilifika saa nzima kabla ya muda. Nikakuta mlango umefungwa, nikasimama nje kwenye baridi nikitabasamu peke yangu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Kabla ya hapo nilikuwa nimefagia ofisi za ghorofa kule Croydon miaka minne, na jirani yangu alikuwa ameniambia kuna mahali wanatafuta mtu mwenye vidole vyepesi. Vidole ninavyo. Sikujua vilitakiwa kwa kazi gani, ila nilishajiambia kwamba kazi hiyo ni yangu.

Aliyenifungulia alikuwa Msimamizi wa Matangi, mtu wa Bukavu, mrefu na mpole, aliyevaa aproni ya mpira iliyomfika miguuni. Alinitembeza kwenye matangi yaliyopangwa mstari mmoja, kila moja na rangi yake: la shaba lilikuwa buluu, la nikeli kijani, na la kromu lilikuwa jekundu la kuiva, likitoa mvuke. Hapo alisimama akanizuia kwa mkono. "Mama, ile mayi usiinamie," alisema kwa Kiswahili chao cha Kongo. "Iko inakula mapafu." Kisha akainua kutoka humo kifuniko cha gurudumu la gari la zamani, akakisuuza, akakigeuza kwenye mwanga. Jamani! Pacha wake alikuwa kwenye sanduku kando akisubiri zamu, ameliwa na kutu, na hiki kilikuwa kinang'aa hadi macho yanauma. Nilipiga makofi. Wafanyakazi wote wakageuka kuniangalia, na mimi sikuona aibu hata kidogo.

Nianze kuwaeleza, maana vijana wengi mnadhani kromu hupakwa kwa brashi. Chuma husafishwa kwanza kwenye asidi, kisha huning'inizwa kwa waya ndani ya maji yaliyoyeyushiwa madini, umeme ukapita, na madini yakaganda juu ya chuma taratibu. Kwanza shaba, ya kujaza mikwaruzo midogo. Halafu nikeli, ambayo ndiyo yenye kazi kubwa ya kuzuia kutu. Kromu yenyewe huja mwishoni, nyembamba mno, kazi yake ni ule weupe wa baridi mnaoupenda na kulinda nikeli isififie. Kwa hiyo mtu anaposifia kromu ya gari lake, nusu ya sifa anampa asiyehusika.

Mwaka na nusu nilifunga waya. Ukifunga vibaya, kipande huanguka ndani ya tangi, au waya huacha alama mahali panapoonekana. Kutoka hapo nikapelekwa kwa Mkuu wa Kung'arisha, mama wa Kiingereza mzaliwa wa Hayes hapo hapo, mkali kuliko pilipili, aliyenifundisha kwamba tangi halifichi kitu. Mkwaruzo ukiuacha kabla ya kuchovya, utauona mara mbili baadaye. Kisha nikarudi kwa mtu wa Bukavu kwenye matangi, na mwishowe nikapandishwa kwenye meza ya uchaguzi, iliyokuwa mbele karibu na mlango wa wateja. Hiyo ndiyo kazi niliyoipenda hadi nikawa naiota.

Kwenye meza ya uchaguzi mteja humwaga vipande vya gari lake, nawe unaamua kila kimoja kivikwe nini. Taa za gari la zamani sana, la kabla kromu haijaenea, zinataka nikeli peke yake, yenye joto la njano kwa mbali, na mwenye gari akisisitiza kromu unamwonyesha vyote viwili kando kando hadi akubali mwenyewe. Vishikizo vya ndani ya boneti na vibano vya mabomba vinataka zinki, ile ya manjano yenye rangi za upinde wa mvua ukiigeuza. Bampa na mikono ya milango, kromu, na tabaka nene la nikeli chini yake kwa sababu ya chumvi ya barabara za Uingereza. Nilikuwa nikishika kipande, nakipima uzito, nakigongagonga kwa ukucha, nakinusa. Ndiyo, nilikuwa nakinusa. Wateja walicheka, lakini walirudi.

Nilikosea mara moja, na kosa lenyewe lilikuwa kubwa. Niliudhania mkono wa mlango kuwa wa shaba njano, nikaupeleka kwenye asidi kali ya kuvua kromu kuukuu, kumbe ulikuwa wa aloi laini ya zinki. Ulipotoka ulikuwa umebaki kipande cha ukubwa wa kidole, na hakukuwa na mwingine kama huo nchi nzima. Mwenye Karakana aliniita ofisini. Huyu alikuwa Mhindi wa Nakuru aliyehamia Harrow na wazazi wake akiwa kijana, na Kiswahili chake alikiokota kwenye duka la vipuri la baba yake. Hakupandisha sauti. Alisema nikikosa tena kwa namna ile nitarudi kwenye waya, na huko nitastaafia.

Sasa ndio namleta Mwenyekiti. Tulimwita hivyo kwa kuwa aliongoza chama cha wenye magari ya zamani, na wanachama wake wote walituletea kazi. Zaidi ya hapo alikuwa amesoma darasa moja na Mwenye Karakana kule Nakuru. Alikuwa na magari mawili ya aina moja, jekundu na jeupe. Jekundu lilikuwa limekamilika miezi michache tu nyuma kwenye karakana nyingine. Jeupe alikuwa analimalizia kwa ajili ya arusi ya binti yake, Nisha, na yeye mwenyewe ndiye angemwendesha bibi arusi. Alimwaga vipande mezani kwangu Jumatano moja, akasema vyote kromu.

Nilivipanga kwa furaha, maana vilikuwa vizuri ajabu, hadi nikafika kwenye bolti nne fupi nene. Ndizo zinazoshika mikono ya usukani kwenye magurudumu ya mbele. Alama za vichwani zilionyesha ni chuma kigumu sana, kile kisichopinda. Nikaziweka pembeni.

Hapa nisikilizeni vizuri. Chuma kigumu namna hiyo ukikiingiza kwenye asidi na umeme, hunywa hewa ya haidrojeni. Huioni wala huisikii. Hewa hiyo hukaa ndani ya chuma, na siku chuma kikibanwa kwa nguvu hupasuka chenyewe, ghafla, labda kesho, labda baada ya miezi. Kwa kazi nyingine huwa tunakioka kwenye tanuri ili hewa itoke, lakini nikeli ikishakizingira, huzuia hewa njia, na kuoka hakuaminiki tena. Bolti za usukani hazivikwi kromu. Zinasafishwa kwa punje za kioo pasipo asidi, zinapewa fosfeti, ile ngozi ya kijivu iliyofifia, zinapakwa mafuta, basi. Hazipendezi, na ndivyo zinavyotakiwa kuwa.

Nilimweleza Mwenyekiti haya yote kwa adabu. Alinisikiliza, kisha akatabasamu kama mtu anayemsubiri mtoto amalize. Akasema jekundu lina bolti za kromu pande zote mbili, na Nisha analiendesha kila jua likitoka, halijawahi hata kulia. Nikamjibu kwamba sijaliona hilo jekundu, nimeziona hizi. Akakunja uso, akaingia ofisini kwa rafiki yake, na dakika chache baadaye nikaitwa.

"Mama Tumaini," Mwenye Karakana aliniambia, "huyu ni rafiki yangu ya shule, na chama yote iko nyuma yake. Wewe unakataa, mimi nitamwambia nini?"

"Mwambie anipe mpaka Jumatatu nithibitishe, bosi."

"Na Jumatatu kama hakuna kitu?"

"Nirudishe kwenye waya."

Nilisema hivyo mdomo ukiwa umenitangulia, kama kawaida yangu. Mwenyekiti alikubali papo hapo, tena kwa hamu. Nikachukua bolti mbili mpya za alama ile ile kutoka stoo. Moja nikaipeleka kwenye asidi na kuivika shaba, nikeli na kromu, ikatoka nzuri kama kito. Nyingine nikaivika fosfeti. Ijumaa mchana, mbele ya Mwenye Karakana na Mwenyekiti, nilizikaza kwenye bamba nene la chuma kwa spana ya kupimia nguvu, kipimo sawa kwa sawa. Mwenye Karakana akalifungia bamba kwenye kabati la kioo ofisini kwake na kutia ufunguo mfukoni.

Jumamosi sikula vizuri. Jumapili kanisani niliimba nikiwa nawaza bolti. Niliwaza vilevile kwamba chuma hakina ratiba: kinaweza kungoja hadi Alhamisi, na Alhamisi nitakuwa kwenye waya, na bolti zitakuwa kwenye gari la bibi arusi. Mwanangu Tumaini, aliyezaliwa hapa na kunijibu kila kitu kwa Kiingereza, aliniuliza nina nini. Nilipomweleza alisema nimejitakia mwenyewe. Alikuwa sahihi.

Jumatatu Mwenyekiti alifika kabla yangu, amevaa suti, amechangamka. Mwenye Karakana akageuza ufunguo. Ndani ya kabati, bolti ya fosfeti ilikuwa imesimama mahali pake. Bolti ya kromu haikuwa na kichwa. Kichwa kilikuwa kwenye kona ya kabati, kimeruka chenyewe na kugonga kioo hadi kikaacha ufa, na hakuna mkono wa mtu uliokigusa.

Nilipiga kelele. Sitawadanganya, niliruka juu na mabuti yangu ya mpira, nikamkumbatia mtu wa Bukavu aliyekuwa amekuja kuchungulia. Kisha nikamwona Mwenyekiti. Hakuwa ananiangalia mimi wala bolti. Alikuwa anapapasa mifuko ya suti akitafuta simu.

"Jekundu," alisema. "Nisha amechukua jekundu. Ameenda uwanja wa ndege kupokea dada yangu."

Furaha yangu ilikatika pale pale. Alipiga, simu ikaita hadi ikakata. Alipiga tena. Mwenye Karakana alikuwa amemshika bega rafiki yake, na sote tuliganda tukisikiliza ule mlio. Mara ya tatu Nisha akapokea. Walikuwa kwenye maegesho, shangazi ameshapanda, mizigo ipo kwenye buti, injini inanguruma. Baba mtu alimwambia azime, washuke wote wawili, asiuguse usukani hata kulirudisha nyuma. Nisha alilalamika, nikamsikia, na baba alirudia maneno yale yale polepole hadi akaelewa kwamba hii si desturi yake ya kuhangaika.

Kutoka Hayes hadi pale si mbali. Tulikwenda na gari la karakana, mimi katikati ya Mwenyekiti na Mwenye Karakana, spana mapajani, bolti zangu nne za kijivu kwenye mfuko wa aproni. Zilikuwa za stoo, za chuma na kipimo kile kile cha zile za jeupe, nilizitayarisha wiki iliyopita kwa ukaidi tu, nikijua kwamba zitahitajika. Tuliwakuta kando ya gari, shangazi amekalia sanduku lake, Nisha amekunja mikono. Gari lilikuwa zuri mno, niwe mkweli. Nilivua koti, tukaliinua mbele kwa jeki, nikaingia chini.

Bolti ya kwanza ilitoka kawaida. Ya pili kawaida. Nikahamia upande wa dereva. Ya tatu niliivisha spana, na kabla sijavuta, kichwa kiliachia kikaniangukia kifuani. Nilibaki nimelala vilevile, nimekishika, nasikia viatu vya watu wanaopita na magurudumu ya masanduku yao. Pale palipokatika palikuwa na sehemu iliyofifia, ya ufa wa siku nyingi, na ukingo mwembamba tu uliokuwa bado mpya. Ukingo huo ndio uliokuwa umelishika gurudumu.

Nilitoka nikamwekea Nisha kichwa hicho kiganjani. Alikitazama, akauliza kwa Kiingereza kilikuwa kinashika nini. Nikamwonyesha kwa kidole gurudumu, na upande wa pili, barabara kuu ambayo wangekuwa wameshaingia. Shangazi alianza kulia. Mwenyekiti alinishika mkono wenye grisi kwa mikono yake yote miwili.

Niliitoa ya nne, nikafunga zangu nne papo hapo. Nisha akaendesha hadi Harrow, polepole, sisi nyuma yake. Wiki hiyo chama kizima kilileta magari yake tuyakague, na meza ya uchaguzi ilikuwa yangu hadi siku niliyoikabidhi kwa mikono yangu mwenyewe, majira ya baridi yaliyopita.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani. Mgongo haupendi ngazi, na vidole vimepungua wepesi, lakini nafurahi kila siku kwamba niliifanya kazi ile. Vijana mnaponiuliza uvikaji gani ni bora kuliko wote, nawauliza kwanza hicho chuma kimeshika nini. Na bado sijajirekebisha. Nikiwa kwenye basi nikaona gari la zamani linang'aa limekwama kwenye foleni, hushuka kituo kinachofuata, nikarudi kwa haraka, nikagonga dirisha la dereva kumuuliza bolti zake za usukani alizivika nini. Wengi hupandisha kioo. Ila wapo wanaofikiri kidogo, wakaegesha pembeni na kuzima injini, nami huvua koti nikaingia chini.