Vidaka vya Nyanya wa Jirani

Mwezi uliopita nilialikwa chai katika nyumba moja ya Mji wa Kale iliyogeuzwa kuwa ya kulaza wageni. Nilipovuka kizingiti nikaitambua. Hapa, miaka ya tisini, alikaa msichana niliyemwonea kijicho kuliko mtu yeyote duniani.

Tulisoma darasa moja, na nyumba zetu zilitazamana. Vitabu vyake vilijalidiwa kwa karatasi za kalenda, upande mweupe nje, na havikukunjika ncha. Vyangu nilikuwa navisaka chini ya kitanda kila asubuhi, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, huku mamangu akinigombeza.

"Mtazame mwenzio! Vitabu vyake vyang'ara. Vyako vyanuka bajia!"

Kweli vilinuka. Lakini nani apendaye kuambiwa?

Siri yake niliidhani ni vidaka, vile vishimo vya ukutani ambamo watu wengine waliweka sahani za urembo. Ukumbini kwao vilikuwa sita. Cha kwanza kilikuwa cha hesabu, cha pili Kiswahili, cha tatu Kiingereza, cha nne kuchora, cha tano sayansi, na cha mwisho msahafu na daftari la chuo cha Kurani. Sisi kwetu ukuta ulikuwa mtupu. Nililia nitobolewe vidaka. Babangu akaniuliza kama nataka na mnara.

Ukaja Ramadhani. Kila jioni nilitumwa kuwapelekea sahani ya futari, nao wakiirudisha na kitu ndani, kwani kwetu sahani hairudi tupu. Siku moja nilimkuta nyanya yao peke yake, amekaa kitandani ukumbini. Macho yake yalikuwa yamebaki kuona mwanga na kivuli tu.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, nyanya. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja, mwenzio akutilia kaimati."

Harufu ya hiliki ilitoka jikoni. Nyanya alinigeuzia uso, akatabasamu. Nami mbele ya tabasamu lile nikakitoa kitabu cha hesabu kutoka kidaka cha kwanza, nikakitia cha nne, na cha kuchora nikakiweka mahali pake. Kisha nikapokea kaimati zangu na kusema ahsante.

Kesho yake, mwalimu wa hesabu aliposema "toeni vitabu", mwenzangu akatoa picha ya jogoo. Darasa lilicheka mpaka madawati yakatikisika. Alipigishwa magoti nje hadi kengele. Nilipopita akaniambia, bila machozi, "Nyanya hajakosea hata siku moja."

Hapo ndipo nilipojua. Mamake alitoka kwenda kazini Makupa kabla ya jua, na mwenzangu ndiye aliyewaogesha na kuwavisha wadogo zake wawili. Begi lake lilipangwa na nyanya. Bibi yule asiyejua kusoma alikuwa ameihifadhi ratiba ya shule kichwani: Jumatatu kidaka cha kwanza, cha tatu na cha tano, Jumanne hivi, Jumatano vile. Alipapasa ukuta, akachukua.

Jioni nilipopeleka sahani, mikono yake ilikuwa imelala mapajani.

"Macho yalikwenda zamani, mwanangu," aliniambia. "Sasa hata mikono."

Ilikuwa niseme neno moja tu. Nikasema, "Mamangu awasalimu."

Nyanya hakugusa tena vitabu. Mwenzangu alianza kuchelewa, majalada yakachanika, na mamangu akaacha kunilinganisha naye. Nilishinda. Na niwaambie kweli, hata siku ile sikuacha kuona wivu, kwani mimi hakuna mtu aliyewahi kunipapasia ukuta.

Leo nina shahada mbili na sijui zote mbili ziko wapi. Nyanya alikwishazikwa, na mwenzangu nasikia alihamia bara.

Vidaka vimepakwa chokaa mpya. Cha kwanza kina chupa ya buluu, cha nne ya kijani. Mhudumu alipokwenda kuleta chai, nikainuka nikazibadilisha, ya kwanza kwenda cha nne, ya nne kurudi cha kwanza, kama mtu anayerudisha alichochukua.

Kijana akarudi, akaweka trei, akatazama ukuta mara moja tu. Akazirudisha chupa.

"Samahani, mama," akasema kwa upole. "Hapa kila kitu kina mahali pake."

Nikanywa chai yangu. Na yeye pia nikamwonea wivu.