Nakala Arobaini za Gencho

Mumewe Zdravka, Gencho, alikuwa ametimiza miezi sita kaburini, na pale Gabrovo, mji wa Bulgaria, miezi sita haipiti kimyakimya. Hubandikwa karatasi yenye picha ya marehemu: mlangoni kwake, kituo cha basi, lango la kazini. Na tangu printa ziingie mjini, karatasi hizo huchapishwa ofisini. Hata wakurugenzi wamechapisha za mama zao. Watu wa mji ule hubana matumizi hata msibani; wenyewe ndio wanaojitania hivyo.

Basi Jumatatu Zdravka, karani wa kiwanda cha pampu, akachomeka flashi ya Gencho kwenye kompyuta yake ya kazini, akafungua picha, akachapisha nakala arobaini. Jumanne asubuhi akabandika moja kituoni na moja langoni. Gundi haijakauka, akaitwa juu.

Vuli iliyopita michoro ya pampu mpya ilitoroka, ikaonekana kwa washindani. Tangu hapo kampuni ikaweka kamera kila pembe, na programu inayohesabu kila karatasi na kila kinachochomekwa. Mkuu wa shughuli hiyo aliletwa kutoka Sofia, kijana wa sauti ya upole, jina lake Rangelov. Aliyemtazamia skrini za kamera mchana kutwa ni Minko, rafiki wa Gencho tangu jeshini.

"Shemeji," Minko alinong'ona ngazini, "hukusoma ile karatasi ya masharti ya kompyuta?"

"Nilitia saini. Nani anasoma? Kwani wewe ya baba yako ulichapishia wapi, mbinguni?"

Minko hakucheka. Na Minko ni mtu wa kucheka hata kwa daktari wa meno.

Rangelov akamvutia kiti. "Kahawa, mama?"

"Nishakunywa, mwanangu. Kama ni karatasi zenu, kesho naleta bunda zima."

"Si karatasi."

Akamgeuzia skrini. Ndani ya flashi, chini ya picha ya Gencho akiwa ameshika samaki, ilijipanga michoro ya pampu, yote, imenakiliwa Oktoba.

"Flashi hii ni ya nani?"

Zdravka akaikumbuka Oktoba ile. Gencho, mchoraji wa kiwanda kwa miaka thelathini, aliacha kula, na kila gari liliposimama mtaani alizima taa. Zdravka alidhani ni ugonjwa tu.

"Ni ya nyumbani."

"Nyumba haina mikono, mama. Kama ni ya marehemu, sema tu. Utarudi mezani kwako, na mimi nitalisoma jina lake mbele ya wafanyakazi, kuwa ndiye aliyeiba michoro."

"Na kama ni yangu?"

"Unatoka leo. Polisi watakuja kwako wenyewe."

Ilibaki miaka miwili afikie pensheni. Kupitia dirishani aliliona lango, na ile karatasi nyeupe.

"Yangu," akasema.

Minko, aliyesimama mlangoni, akainua uso, kisha akauinamisha.

Saa sita mchana Zdravka alishuka na ndala zake za ofisini na chungu cha ua. Upepo ulikuwa umeinua pembe moja ya karatasi langoni. Akaikandamiza kwa dole gumba mpaka ikashika. Juu yake kamera ikageuka taratibu, ikamsindikiza barabara nzima hadi kituoni, ambako Gencho alikuwa akimngoja ukutani na samaki wake, akitabasamu.