Sala ya Kuwasha Kigari

Chuoni kwao hata mtihani wa kompyuta hufunguliwa kwa sala. Siku ya kuonyesha kazi za uhandisi, binti ambaye shangazi zake walishambandika jina la Injinia alisimama mbele ya darasa na kigari chake cha kujiendesha, akabonyeza swichi. Kigari kikanuna.

"Jamani, tusali kwanza," akasema haraka. Darasa zima likafumba macho.

Yeye alifumba moja tu. Huku akiwaombea wagonjwa, wasafiri na wakwe wa mkuu wa chuo, vidole vyake vilipekua waya mpaka vikagusa skrubu iliyolegea. Ukucha haukufua dafu. Akahamia kwa wajane. Hapo mkono ukapenya kutoka nyuma yake, ukamwekea bisibisi kiganjani. Akamshukuru Mungu kwa sauti kwa ajili ya marafiki wa kweli, huku akikaza.

"Amina!"

Kigari kikachomoka mbio, darasa likalipuka kwa vigelegele. Injinia akageuka amkonyeze rafiki yake. Nyuma yake alisimama mhadhiri, mchungaji mzima na kola yake shingoni, amenyoosha mkono.

"Sala nzuri, mwanangu. Sasa nirudishie bisibisi yangu."