Kopo la Unga Mpakani Tunduma
Mwezi uliopita nilitoka Mbeya kwenda Rodesia ya Kaskazini kumwona binti yangu, aliyejifungua mtoto wake wa kwanza. Mke wangu alinifungashia kopo la unga wa ulezi uliochanganywa na sanamaki, kwa kuwa nisipounywa kila asubuhi tumbo langu hufunga choo siku nyingi.

Pale Tunduma askari wa forodha alilifungua kopo mbele ya abiria wote.

"Mzee, unga huu wa nini?"

Nyuma yangu walisimama akina mama, nami nimevaa kanzu mpya. Niliona haya kutaja choo. Nikasema, "Wa uji wa mjukuu wangu."

Askari akatabasamu, akanirudishia. Nilijiona mjanja sana.

Tulipokuwa tukingoja mihuri, mama mmoja wa Kinyakyusa alinijia na mtoto anayelia mgongoni. Alikuwa ametoka kuugua na maziwa yamemkauka. Akapiga goti, akaninyooshea kikombe.

"Baba, naomba kidogo tu nimkorogee uji."

Askari mwenyewe alishaleta maji ya moto. Watu wote wakaniangalia.

"Mwanangu, nimedanganya," nikamwambia. "Hii ni dawa yangu ya kufungua choo."

Muuza chai mmoja akamletea yule mama maziwa. Akiwa anamnywesha mwanawe, yule mama alinitazama kwa huruma, akaniuliza kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa foleni, "Pole, baba. Leo ni siku ya ngapi?"